Ulimi wa Pedi

Chekwel aliingia na Ipsum ya rangi ya majivu,
kabichi za Kapchorwa zimejaa hadi dirishani,
redio ikipiga kwa sauti ya harusi.
"Zima redio," nikamwambia.
"Nikiizima nitaisikia."
"Ndiyo maana."

Tukalizunguka soko la Mbale polepole,
mwendo wa mtu aliyevaa kiatu kinachobana,
mimi kichwa nje ya dirisha kama mbuzi wa mnadani.
Akikanyaga, gari linasaga:
jiwe la ulezi likizungushwa bila ulezi.
Akiachia, kimya.

Basi si kokoto iliyonasa nyuma ya diski;
kokoto haingoji mguu wa mtu.
Si beringi; beringi huvuma njia nzima,
na kwenye kona huvuma kwa hasira.
Hiki kilikuwa chuma juu ya chuma.

"Ilianza lini?"
"Mwezi wa pili ililia kama panya.
Ukaitengeneza, ikanyamaza.
Sasa inanguruma."

Kuloba akaweka tofali nyuma ya tairi, akainua jeki.
Nati tano. Gurudumu la mbele, kushoto.
Pedi ya nje bado ina nyama.
Ya ndani imekwisha, bati tupu linaila diski,
na diski imechorwa mifereji kama santuri ya babu.
Pini ya kalipa imeshikwa na kutu, haitelezi;
upande mmoja umebeba kazi ya pande mbili.

Hapo ningeweza kusimama. Ingekuwa kosa la pini.
Lakini niliigeuza pedi kwenye mwanga
nikitafuta kile kibati chembamba, ule ulimi
unaoachwa pembeni kiwandani
ili pedi ikikonda uiguse diski,
ulie, umwite mwenye gari.

Haukuwepo. Umekatwa kwa koleo.
Koleo langu lina pengo kwenye jino,
huacha alama ya kucha iliyovunjika.
Alama ilikuwapo.

Nikaikumbuka siku. Alikuwa na shilingi elfu kumi
na barua ya karo ya mtoto mfukoni.
"Fundi, inyamazishe tu."
Nikainyamazisha. Dakika nne,
hata chai yangu haikupoa.

Tangu hapo, kila Jumanne na Ijumaa,
ameteremka kona za Sipi kabla ya jua,
uzito wa shamba zima ukimsukuma mgongoni,
na kitu pekee kilichojua
nimekikata ulimi.

"Nani ameukata?"
"Mimi."
Akautazama ukuta wa Wanale, maji yakining'inia kama uzi,
muda wa kutosha kukaza nati moja.
"Na mimi ndiye niliyekulipa," akasema.

Diski tukaipeleka kwenye kerezo, ikarudi inang'aa.
Pini nikazisugua kwa msasa, nikazipaka grisi
ile isiyoyeyuka kwa joto.
Pedi mpya pande zote mbili, kulia hata kama kulia ni kuzima:
breki ni kama ng'ombe wa jembe, hazibadilishwi mmoja mmoja.
Kabla ya kufunga nikamshika kidole,
nikakigusisha kwenye ulimi mpya.
"Huu ukilia, usiongeze redio."
Kisha barabara tupu ya Kumi: shika, achia, shika, achia,
mara kumi, bila kusimama,
mpaka pedi na diski zizoeane.
Pesa ya kerezo nilitoa mimi. Hakuniuliza.

Jumanne, saa kumi na moja alfajiri, simu.
"Inalia!"
"Mara ngapi?"
"Mara moja. Nilipokanyaga mara ya kwanza, uani.
Sasa kimya."
Ni umande, nikamwambia. Diski hulala nje,
huota kutu kidogo usiku, pedi huifuta asubuhi.
Haina neno.

Nikabaki na simu mkononi, giza, jogoo wa jirani.
Nikampigia tena.
"Pitia hapa ukishuka," nikasema.
"Nitaangalia tu."